Umbile la Jino na Hukumu ya Kulibadilisha

Katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, suala la meno limefungamana na suala zito la kubadilisha maumbile, kwani Hadithi ya Abdallah bin Mas'ud, iliyomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, inawalaani wanawake wanaochonga meno ili wapate mwanya wa urembo. (Mwanya wa kuzaliwa nao, unaosifiwa sana pwani, haumo katika katazo hilo.) Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1277, alilishikilia sharti la urembo, akaeleza kuwa anayehitaji kuchongwa kwa sababu ya tiba au kasoro ya jino hana lawama. Aidha, Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, aliweka ya fedha ikanuka, ndipo Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na kwa kiasi, yaani kulipima jambo lisilotajwa kwa lile lililotajwa, wanazuoni wakaruhusu pia jino kufungwa kwa dhahabu. Kwa mizani hiyo kuziba jino lililotoboka hakuna utata, maana kilichoharibika kinarudishwa.

Utata umo katika kung'arisha. Peroksidi ya hidrojeni, kemikali itumikayo zaidi, hupenya enameli, yaani gamba gumu la nje, ikafika kwenye dentini iliyo chini yake na kuvunjavunja chembe za rangi. Lakini enameli hupitisha mwanga na dentini ina umanjano wake, hivyo jino lenye afya halikuumbwa jeupe kama karatasi, na anayeutafuta weupe wa matangazo ya biashara harudishi chochote alichopoteza.

Kinyume chake ni hali ya watu wengi wa Arusha na vijiji vya kandokando ya Mlima Meru, ambako maji ya baadhi ya chemchemi na visima yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa kabla ya kufikia takriban miaka minane, enameli ya meno ya kudumu ikiwa bado inajengwa, huota meno yenye vinyweleo, na ukahawia huingia humo baadaye, jino likiwa limekwisha kuchomoza. Je, umbile lake ni lipi? Akisema mtu kuwa ni lile lililoota, itambidi akataze pia kunyoosha mguu kifundo wa mtoto mchanga, jambo ambalo hakuna mwenye akili atalikubali. Kwa hiyo yafaa umbile lieleweke kuwa ni jino ambalo lingeota maji yangekuwa salama, na kuuondoa ukahawia huo kuhesabiwe tiba.

Hata hivyo, peroksidi haizibi vinyweleo, na madoa sugu humlazimu daktari kusugua tabaka jembamba la enameli kwa asidi na unga mkwaruzo, ilhali enameli ikiondoka haioti tena. Kwa macho, tendo hilo ni jamaa wa karibu wa kule kuchonga kulikolaaniwa. Kinachoyatenganisha ni haja na nia, na katika hivyo viwili daktari anaweza kuipima haja tu.