KANZU NDOGO YA SAMWELI
Neno la Majilio



Majilio yamefika, mvua za vuli zinaelekea kwisha, na katika barabara kuu ya Moshi na Arusha mabasi yatokayo Dar es Salaam yameanza kujaa watu na mizigo. Kila mwaka ni hivyo. Watoto wa Meru na wa Kilimanjaro hurudi kwao kula Sikukuu, na sisi wa Makumira huwaona wakishuka njiani na maboksi yao, nasi hufurahi pamoja nao.

Lakini wako wasioshuka. Kijana amekaa mjini miaka miwili, mitatu, hajaonekana nyumbani wakati wa Krismasi. Mama yake akiulizwa husema, “Kazi zimembana.” Mara nyingi si kazi. Ni haya. Hana kitenge cha mama wala shati la baba, naye amesikia tangu utotoni kwamba mkono mtupu haulambwi. Basi anaona heri asije kabisa kuliko kuja hivi hivi. Na wengine hukopa, wakaja na mizigo mizito, kisha Januari ikawakuta na deni. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado vinamngoja mzazi.

Kwa hiyo mwaka huu tumeona vema tuseme juu ya zawadi, na hasa zawadi iliyofanywa kwa mikono ya mtoaji.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya pili, imeandikwa habari ya Hana. Tunamkumbuka zaidi kwa machozi yake na kwa nadhiri yake, lakini mstari wa kumi na tisa huwa tunaupita haraka. Mtoto wake alikuwa Shilo pamoja na kuhani Eli. Hana alikaa Rama pamoja na mumewe Elkana. Na kila mwaka, walipopanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, Hana alimchukulia Samweli kanzu ndogo aliyomfanyia mwenyewe.

Fikirini jambo hili, hasa ninyi mnaoshona. Mama huyu alimwona mwanawe wakati wa sikukuu, kisha akarudi kwake. Alipoanza kushona kanzu ya mwaka uliofuata mtoto hakuwapo wa kupimwa. Ilimpasa akae na kuwaza: Samweli sasa amefika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? Aongeze vidole vinne kwenye pindo, au shubiri nzima? Kanzu ile haikushonwa kwa uzi tu. Ilishonwa kwa kumkumbuka mtoto mwaka mzima. Wala hatusomi kwamba ilikuwa ya thamani kubwa. Ilikuwa ndogo, naye Samweli aliivaa.

Hapo ndipo twaona tofauti. Kitu cha dukani kinaweza kununuliwa kwa dakika tano, wakati gari linapiga honi. Kitu cha mkono chadai umkumbuke mtu. Nani atafuma kitambaa cha meza bila kumfikiria mwenye meza? Hali kadhalika Dorkasi wa Yafa: alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hawakuwa na haja ya kumsifu kwa maneno mengi.

Wazee wetu wanajua haya kwa kuyaishi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, sukari, sabuni na khanga viliadimika madukani. Krismasi haikufutwa. Watu walipika sabuni kwa mafuta ya ng'ombe, na aliyeletewa kipande kimoja alikipokea kwa mikono miwili. Watoto walichezea mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Hatusemi taabu ile irudi, la hasha! Twasema mikono ile bado ipo.

Tena vitu vipo. Tuchukue kahawa, maana ni ajabu yetu kubwa. Tumeilima kwenye miteremko hii vizazi kadhaa, tumeiuza, na tukitaka kunywa tunafungua kopo la kahawa ya unga iliyotoka kiwandani! Mwenye mashamba hajui ladha ya shamba lake. Basi, chukua buni zilizokauka vizuri, zitwange polepole kwenye kinu mpaka ganda litoke, uzipepete kwa ungo. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukikoroga bila kuacha, maana ukigeuka kuzungumza na jirani zitaungua upande mmoja. Zitalia na kupasuka, rangi itakuwa kahawia, na nyumba nzima itanukia. Ziepue hapo, zipoe kabisa, kisha uzitwange na kuzifunga katika kopo safi lenye kifuniko. Kijana wa mjini anaweza kufanya kazi hii akiisha kufika kwao, kwa buni za baba yake mwenyewe, akampelekea shangazi na jirani wa zamani. Nani atasema amekuja mkono mtupu?

Kuna na maziwa mgando ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijiti cha moto cha mzeituni wa porini. Kuna asali. Kuna mwanasesere wa maganda makavu ya mgomba. Na kikapu cha ukindu: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, kwa hiyo kikapu kinachobeba zawadi kimekuwa zawadi ya pili.

Lakini yatupasa kuonya juu ya mambo mawili.

La kwanza, akina baba na vijana wa kiume, msisikie mahubiri haya na kuwageukia wake zenu na dada zenu mkisema, “Haya, mmesikia, fumeni.” Mama huyo ameamka alfajiri, ameteka maji, amepika, na usiku wa Krismasi atakuwa jikoni bado. Zawadi ya mikono haikusudiwi kumwongezea mzigo. Besaleli, ambaye Mungu alimjaza roho yake kwa ajili ya kazi ya ufundi, alikuwa mwanamume. Mwenye randa na atengeneze kigoda. Asiye na ufundi achanje kuni za mama yake za wiki nzima, azipange vizuri ukutani. Nayo ni zawadi.

La pili ni kali zaidi. Zawadi ya nyumbani isiwe maficho ya bahili. Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, ingawa Arauna alitaka kumpa yote bure. Ukiwa na msichana wa kazi nyumbani kwako, na hujamlipa mshahara wa miezi miwili, usimpe chupa ya asali na kadi. Mlipe kwanza, kamili, naye apate nauli ya kwenda kwao. Mshahara ni haki yake. Asali ije baadaye. Yakobo katika waraka wake amesema wazi kwamba kilio cha mtenda kazi aliyedhulumiwa ujira humfikia Mungu, na kilio hicho hakisimami kwa sababu ya Sikukuu.

Nanyi wazazi mnaongoja, tuma salamu mapema. Usimwachie mwanao kubahatisha moyo wako. Mwambie kwa simu, kwa kinywa chako: “Njoo. Chakula kipo. Tunakutaka wewe.” Huenda hayo ndiyo atakayohitaji ili akate tiketi.

Jumapili ya nne ya Majilio meza itawekwa karibu na mlango wa kanisa kwa ajili ya zawadi za wagonjwa na za wazee wanaokaa peke yao. Tafadhali fungeni vyakula vizuri na kuandika jina la anayepelekewa. Wenye buni za ziada waonane na wazee wa kanisa baada ya ibada. Kinu kipo, na wapo vijana wa kutwanga.