Mvuta Sigara na Nia Yake

Mvuta sigara akinasihiwa aiwache, jawabu yake huwa ni moja: «Siwezi.» Basi na aulizwe: mwezi wa Ramadhani huwezaje? Tangu alfajiri hata magharibi haitii kinywani, na kwa muda wa saa 12 ile hewa ya sumu iliyoletwa na moshi huwa imekwisha kumtoka damuni. Kisha hufuturu kwa tende, na baada ya tende huirejeza sumu ile ile kwa mkono wake. Kwa hivyo uwezo anao. Kilichopunguka ni nia.

Wala nia si kuapa kuiwacha umri mzima, kwani mzigo huo humtisha mtu kabla hajauinua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kufunga faradhi hunuia kila usiku kwa ajili ya siku moja ijayo. Hatakwi kuzibeba siku 30 kwa mara moja. Na mvuta sigara ni vivyo hivyo: anuie leo kwa kesho, na kesho anuie tena. Utumwa wa nikotini una nguvu zaidi siku za mwanzo, kisha hulegea wiki baada ya wiki.

Aliyeweza mchana kwa kumtii Mola wake, usiku ana udhuru gani, na mwili ni amana ya Mola yule yule? Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.