Chanjo ya Mabinti na Haya ya Wazazi

Mwezi uliopita tulisimamishwa na mama mmoja wa usharika wetu katika mtaa wa Kongo, pale Kariakoo anapouza vitenge. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, walimu wamemwandikisha binti yangu wa miaka 9 kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Nimesikia ya kuwa ugonjwa huo huletwa na uasherati. Mtoto wangu hajui mambo hayo. Nikikubali, je, simsingizii mwanangu?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Twalisikia barazani, hata katika kikao cha wazee. Nasi twakiri kosa letu. Mwaka 2018, chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, mzee mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi, akasema kwamba ni ruhusa ya kuzini. Tulikuwapo, tukanyamaza, maana tuliona haya kunena habari za mwili wa mwanamke mbele ya watu. Nao watu wakahesabu kunyamaza kwetu kuwa ni kukubali.

Basi tuliangalie jambo lenyewe. Ugonjwa huu watokana na kirusi kiitwacho HPV, kipitacho kwa kujamiiana. Kina namna nyingi, lakini namna mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo ziletazo kadiri ya sehemu 70 katika kila 100 za saratani hiyo. Mwanamume aweza kukichukua bila kuumwa wala kuona alama yoyote. Saratani yenyewe hukua polepole, mara nyingi miaka 15 au 20, hata mwanamke asijue ilikotoka. Kwa hesabu za mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliupata katika mwaka ule mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi hufika Ocean Road, katika hospitali ile iliyojengwa na Wadachi kando ya bahari, ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Sisi tulimzika mmoja wao. Ndoa yake tuliifungisha sisi wenyewe, wala hakumjua mwanamume ila mumewe. Wanawake waliomwosha walinong'ona, na minong'ono ile ikamfuata mpaka makaburini. Alikosa nini? Alitii yote tuliyomfundisha, na utii wake haukumkinga, kwa kuwa usafi wa mmoja hauzuii kirusi kiletwacho na mwingine. Tena wako walionajisiwa wakingali wasichana, ambao hawakuchagua neno lolote.

Kwa hiyo hoja ya yule mzee twaiona ina kasoro. Yadhani kwamba hofu ya ugonjwa ndiyo mlinzi wa binti. Lakini msichana gani wa miaka 14 hupiga hesabu ya saratani itakayokuja baada ya miaka 20? Ikiwa mwenendo wake mwema wasimama juu ya hofu hiyo, tumejenga juu ya mchanga. Mafundisho ya nyumbani na ya kipaimara yana kazi yake, na sindano ina kazi yake. Wala hatujamwona mzazi akikataa chanjo ya pepopunda, akiogopa kwamba mtoto atazoea kukanyaga misumari.

Tulimjibu yule mama, "Kwa kuwa hajui mambo hayo, Mama, ndiyo saa yake." Chanjo hii huzuia, haiponyi, hufaa zaidi kabla kirusi hakijaingia. Ndani yake hamna kirusi kizima, ila mfano wa ganda lake tu, wala haileti ugumba kama wanenavyo sokoni. Tangu mwaka 2024 hutolewa nchini mwetu mara moja tu, bila malipo. Na hapo tuna deni kwa watoto wa Mwanza: wasichana 930 wa huko walichanjwa katika uchunguzi ulioanza mwaka 2017, wengine mara moja, wengine mara mbili au tatu, na damu zao zikasaidia kuonyesha kwamba mara moja yaweza kutosha.

Akanyamaza kitambo, akikunja kitenge alichokwisha kukikunja. Kisha akauliza, "Na mimi je? Nina miaka 38."

Tukaona haya mara ya pili, kwa kuwa hatukuwa tumelifikiri. Chanjo ya shuleni si yake. Lililo lake ni kupimwa. Mganga hupaka siki mlangoni mwa kizazi, na mahali penye dosari hugeuka peupe, ili patibiwe kabla hapajawa saratani. Tulimweleza hayo katikati ya makelele ya wapagazi na mikokoteni, safari hii bila kupunguza sauti. Muuza ndimu aliyekuwa karibu akageuka kusikiliza, nasi tukaendelea.

Juma lililofuata tulipita tena, tukaikuta meza yake imefunikwa turubai. Jirani yake akatuambia kwamba amekwenda kliniki tangu asubuhi, na kwamba ya binti alikwisha kuyakubali Jumatatu.