Bajeti Nayo Ipimwe Mbele Yetu

Hakuna mvuvi wa Mbwajumali anayemkabidhi mnunuzi kamba wake kisha akageuza uso mizani inaposoma. Atainama, atachungulia mshale, atabishia hata gramu, na bei ya Kizingitini ataitaja ikibidi. Basi niambieni, wazee wangu na vijana wenzangu, fedha za kaunti mbona twaziacha zipimwe nyuma ya migongo yetu?

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka wa fedha wa 2021/22, Kaunti ya Lamu ilitengewa mgao wa shilingi bilioni 3.1 kutoka Nairobi. Kati ya kaunti zote 47 huo ndio mgao mdogo kabisa, na wengi hapo ndipo wanapoufunga mjadala: kaunti yetu maskini, tufanyeje? Lakini sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920 tu. Gawanya. Zinatoka zaidi ya shilingi 21,000 kwa kila kichwa, na mtoto wa jana yumo. Nyumba ya watu sita ina karibu 130,000 kwa mwaka mmoja. Rudi nyumbani, hesabu walalao humo, kisha uulize zako zimepita wapi.

Simwiti mtu mwizi. Huenda zimelipa mshahara wa muuguzi wa Faza, huenda zimenunua dawa, huenda zimeishia kwenye mradi wa bara ambao wewe hutautia machoni. Ninalosema ni kwamba hatujui, na karatasi za kutujulisha zipo.

Tena zina kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na bajeti ipitishwe kabla ya Juni kuisha. Kisha waja Mswada wa Fedha, unaopanga ada na leseni tutakazolipa. Sasa angalia tunavyofanya. Twangoja mkutano wa maoni ya umma uitishwe, twatia sahihi karatasi ya mahudhurio, mmoja asimama kulilia jabia la maji lililopasuka, soda zagawiwa, watu wapanda boti. Wakati huo viwango vya kila idara vishawekwa tangu Februari! Anayetaka jabia litengenezwe aanze kulisema Agosti, mpango ungali mezani kwa watu wa kaunti.

Na msiniambie sauti ya Lamu haifiki mbali. Wenzetu wa shirika la Save Lamu walipopinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, wa megawati 1,050, upande wa pili palikuwa na kampuni yenye mabilioni na serikali iliyoutaka mradi. Wao walishika ripoti ya athari za mazingira, wakaisoma, wakauliza: hii mikutano mnayoita ya wananchi, ilifanywa lini? Ikaonekana kuwa watu waliitwa kabla uchunguzi haujakamilika. Walitakiwa maoni juu ya jambo ambalo hawajaonyeshwa. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni. Miaka mitano baadaye, tarehe ileile ya 26 Juni, Rais Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi Mswada wa Fedha wa taifa wa 2024, baada ya vijana kuuchambua kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Damu ilimwagika mara hiyo, na si jambo la kupita kimya. Ila mswada waliusoma kwanza.

Sisi tuna sababu zaidi ya kusoma, maana kwa idadi hatushindi. Lamu Mashariki yetu nzima ina wadi tatu kati ya 10 za kaunti: Faza, Kiunga na Basuba. Saba ziko Magharibi. Mwakilishi wetu wa wadi (MCA) akisimama kwenye bunge la kaunti kusema "watu wangu wana shida", kila mwenzake naye ana watu na ana shida. Mpeni ukurasa na fungu lililotengwa mwaka jana, na picha ya mahali palipoandikwa kuwa pamejengwa. Hapo atakuwa na la kusimamia, na akinyamaza mtajua alinyamazia nini.

Kura nayo? Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy kiti cha ugavana kwa kura zisizofika 200. Umati wa Ijumaa moja waweza kuzidi hapo. Timamy akarudi 2022. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, na wagombea watakuja na mashua, fulana na ahadi. Mkiwa na daftari la miaka mitatu ya bajeti, mtakuwa na maswali ambayo fulana haiyajibu.

Kwa hiyo wiki hii: kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne aandike barua kuomba mpango wa mwaka na ripoti za utekelezaji wa bajeti ya wadi ya Faza. Aandike kwa Kiswahili, ni lugha rasmi kwa ibara ya 7 ya Katiba. Aitaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Atakayekwenda ofisi za kaunti aipeleke kwa mkono, na asiondoke dirishani bila mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Zikija karatasi zisomwe barazani baada ya alasiri, na zisomwe tena kwa akina mama, ambao ndio wanaojua zahanati ilikosa dawa gani na mwezi gani. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Anzeni kuzihesabu siku ya mhuri.