Ridhaa ya Mwenye Njaa

Juma hili nina swali moja: mama akisema "sawa" kwa sababu mtoto wake analia njaa, je, huko ni kukubali?

Swali hili limefika mahakamani hapa kwetu. Mwaka 2014 akina mama kadhaa wanaoishi na virusi vya Ukimwi walipeleka kesi Mahakama Kuu ya Nairobi, wakisema walifungwa mirija ya uzazi walipokuwa wakijifungua kwa upasuaji. Baadhi yao walisema waliambiwa chakula cha msaada na maziwa ya mtoto ni ya mama atakayeonyesha kwamba amefungwa uzazi. Mmoja wao, anayejulikana kwa herufi L.A.W. tu, alifungwa mwaka 2006 na akaja kujua miaka kadhaa baadaye. Desemba 2022 Jaji Mrima aliamua kwamba haki zake zilivunjwa, akaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Na hawa si peke yao. Mwaka 2012 shirika la African Gender and Media Initiative liliandika habari za wanawake 40 wa Kenya waliopitia hayo.

Nilisomea biashara, na jambo la mapema tulilofundishwa ni kwamba aliyetia sahihi kwa kushurutishwa anaweza kuukana mkataba. Mtu ataniambia, pasta, hakuna aliyewashikia panga. Ni kweli. Lakini ukishika maziwa ya mtoto mkononi, panga la nini?

Tukisoma Mwanzo 25 tunamlaumu Esau kwa kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula. Sawa, alaumiwe. Lakini Yakobo naye hatumuulizi: ndugu yako ametoka porini amechoka, sufuria yako iko motoni, biashara inaingiaje hapo? Na Esau alikuwa anatafutia tumbo lake mwenyewe. Hawa akina mama walikuwa wanatafutia watoto. Afadhali Elisha katika 2 Wafalme 4. Mjane alimjia na deni, wana wake karibu wachukuliwe watumwa, na mtumishi wa Mungu alianza kwa kumuuliza anataka afanyiwe nini.

Kuna wanaosema ilikuwa ni kulinda watoto wasizaliwe na virusi. Hebu tuangalie. Bila matibabu, kati ya watoto 15 na 45 kwa kila 100 huambukizwa na mama zao. Mama akimeza dawa vizuri, wanashuka chini ya 5. Kinachomlinda mtoto ni dawa. Kufunga mirija hakumsaidii chochote yule anayezaliwa siku hiyo.

Tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Hapa Olenguruone kuna mtu anayepita hospitali ya karibu akapanda matatu hadi Molo kuchukua dawa, ili asikutane na mshirika mwenzake kwenye foleni. Mwingine akionekana na mimba, utasikia nje ya kanisa, tena baada ya ibada: "Si huyo ni mgonjwa? Anazaa za nini?" Jameni! Na mhubiri akimwambia aache dawa kwa sababu ameombewa, huyo anacheza na maisha ya mama na ya mtoto pamoja.

Halafu kuna harusi. Makanisa mengi hudai cheti cha kupimwa kabla ya kufungisha ndoa. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa kama sharti la kuoa au kuolewa. Wazee wengine wananiambia tunamlinda msichana asiyejua hali ya mchumba wake. Hoja hiyo ni nzito, siidharau. Lakini anayemlinda ni mchumba anayemwambia ukweli, na hapo ndipo mafundisho yetu ya ndoa yangekazana: waende kliniki pamoja kwa hiari yao, na majibu yabaki yao wawili. Karatasi iliyo kwenye faili ya ofisi ya kanisa inamlinda nani? Mimi nimeona faili zikisomwa na watu wasiohusika, na habari ikafika sokoni kabla ya Jumapili.

Kamati ya harusi itakaa Jumamosi baada ya maombi. Nimeomba jambo la cheti lijadiliwe kwanza. Mwenye maoni tofauti aje, na akina mama msituachie sisi wanaume kuliamua.