Aliyetumwa Kuinua Kilichoanguka, Afanye Nini na Wale Aliowakuta?

Liko swali ambalo watu huliuliza kwa siri, nalo lafaa kuulizwa waziwazi. Mtu akikabidhiwa kazi iliyoanguka ili aiinue, ana deni gani kwa wale aliowakuta ndani yake? Je, hao ni mawe ya kujengea, au ni kifusi cha kuzolewa kwanza ndipo msingi uchimbwe? Wengi wa wasomaji wetu wamepata kupokea kazi ya mwingine, darasa lililotawanyika au kwaya iliyovunjika, kwa hiyo hawataliona swali hili kuwa geni. Lakini leo twapenda kulitazama mbali na kwetu, katika jambo ambalo wengine wataliita mchezo tu, yaani mpira wa vyuo vikuu vya Marekani. Tumelichagua kwa sababu huko kushinda na kushindwa huandikwa kwa tarakimu mbele ya watu wote, wala hakuna nafasi ya kusema kwamba kazi inaendelea vema na huku haiendelei.

Kwanza hatuna budi kueleza. Mpira huu si ule tuujuao wa kupigwa kwa mguu. Wamarekani wana wao, umbo lake kama yai lenye ncha mbili, nao hubebwa mikononi na kurushwa, na watu 11 wa upande huu huwazuia watu 11 wa upande ule kwa nguvu za miili yao. Wachezaji ni wanafunzi. Chuo humlipia kijana hodari karo, chakula na malazi, naye hukichezea kwa miaka minne hivi. Siku za Jumamosi, baridi inapokaribia, watu makumi elfu hujaa uwanjani. Mwalimu wa mpira, ambaye siku hizi huitwa kocha, mara nyingi hupata mshahara kumpita mkuu wa chuo chenyewe. (Kama hilo ni sawa au si sawa, tuliache leo.) Basi timu ikishindwa mwaka hata mwaka, aibu huwa ya mji mzima, mwalimu hufukuzwa, akaletwa mwingine.

Ni vyuo vichache sana vilivyoonja aibu hiyo kama chuo kikuu cha Kansas State. Chuo hiki kiko Manhattan, wala si ile ya New York, bali mji mdogo wa jimbo la Kansas, kati ya vilima vya malisho. Kilikuwa cha kwanza katika daraja lake kufikisha michezo 500 iliyopotezwa. Ubingwa wa mwisho wa ligi yake kilikuwa kimeupata mwaka 1934. Mwaka 1987 hakikushinda hata mchezo mmoja, kikatoka sare mara moja tu. Mwaka 1988 kikapoteza michezo yote 11. Jarida la Sports Illustrated likaandika habari zake mwaka 1989 na kukitangaza kwa taifa zima kuwa ndicho kishindwacho kuliko vyote. Hebu fikirini hali ya kijana wa miaka 20 anayesoma maneno hayo asubuhi, na jioni aenda mazoezini.

Mwezi wa Novemba 1988 aliitwa Bill Snyder, mtu wa miaka 49, ambaye alikuwa msaidizi wa Hayden Fry katika chuo kikuu cha Iowa. Huko Iowa alikwisha kuona jinsi timu iliyolala miaka mingi ilivyoamshwa. Alipofika Manhattan alibadilisha mambo mengi. Hata nembo ya paka-mwitu iliyokuwa juu ya kofia za wachezaji aliitupa, akataka ichorwe nyingine, kwani ile ya zamani ilikuwa imezoeana na kushindwa. Aliwawekea wachezaji makusudi 16, kati yake yamo kujitoa, umoja, kutokukata tamaa, na kuwa bora zaidi kila siku.

Hapo ndipo twataka kusimama kidogo, maana katika kusudi hilo la kuwa bora kila siku twaona jibu lake kwa swali letu. Kijana aliyeshindwa mara 11 kwa mwaka, ukimwambia, “Mshinde Nebraska,” umemwambia neno lisilomsaidia. Nebraska ilikuwa imewashinda watu wa Kansas State kila mwaka tangu 1969. Lakini ukimwambia, “Leo uwe bora kuliko jana,” umempa kipimo awezacho kukifikia mwenyewe, wala hawezi kujificha nyuma ya udhaifu wa mwenzake. Kipimo hicho si chepesi. Snyder alijulikana kwa kufanya kazi hata usiku wa manane, na kula mlo mmoja tu kwa siku ili asipoteze muda, na wengine walimwona kuwa mkali mno. Lakini ni kipimo kinachomkubali mtu kama alivyo leo na kumtaka asibaki hivyo kesho. Twadhani huwezi kujenga na watu uliowakuta kama huna kipimo cha namna hii. Ukiwapima kwa kipimo cha washindi tu, utawafukuza wote kabla ya juma kwisha.

Tarehe 30 Septemba 1989 walikuja North Texas. Kansas State walikuwa hawajashinda kwa karibu miaka mitatu. Mchezo ulifika ukingoni wakiwa nyuma, na katika mrusho wa mwisho, saa ikiisha, Carl Straw alirusha mpira ukadakwa ndani ya eneo la ushindi, wakashinda kwa alama 20 kwa 17. Huyu Straw hakuletwa na Snyder. Alikuwamo katika timu ya 1988 iliyopoteza yote.

Baada ya siku ile walipoteza michezo yote iliyosalia. Mwaka ule wakamaliza na ushindi mmoja na vipigo 10. Mtu mwenye kuhesabu bila kutazama angesema kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 1990 walishinda michezo 5, mwaka 1991 wakashinda 7, mwaka 1992 wakarudi nyuma kidogo, na mwaka 1993 wakashinda 9 na kupata kwa mara ya kwanza ushindi katika mchezo wa kufunga mwaka, walipoichapa Wyoming 52 kwa 17. Mwaka 1998 waliishinda Nebraska, wakashika nafasi ya kwanza katika nchi nzima kwa muda, kisha wakapoteza mchezo wa ubingwa wa ligi kwa alama 3 katika muda wa nyongeza wa pili. Ubingwa waliupata mwaka 2003, kwa kuwapiga Oklahoma 35 kwa 7. Snyder alistaafu mwaka 2005, akarudi 2009, akamaliza kabisa mwaka 2018 akiwa na ushindi 215.

Wako watakaotupinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema, “Mnamsifu kwa kujenga na wale aliowakuta, lakini hao walioshinda mwaka 1993 ni wengine kabisa. Alileta wapya, tena wengi wao watu wazima kidogo kutoka vyuo vya miaka miwili.” Ni kweli. Wanafunzi humaliza masomo, na hakuna timu ya chuo iwezayo kubaki na watu wale wale. Lakini mafundi wa pwani watuelewesha jambo hili. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja, na baada ya miaka mingi pengine hakuna ubao hata mmoja wa kwanza, wala hakuna asemaye kwamba si jahazi lile, kwa maana kila ubao mpya ulipigiliwa misumari kando ya ubao wa zamani. Lakini mtu akilivunja siku moja na kuunda jingine, kisha akaliandika jina la zamani, amenunua jahazi, hakutengeneza.

Watasema tena kwamba Snyder alichagua wapinzani dhaifu kwa michezo ile isiyo ya ligi, ili ahesabu ushindi mwingi. Hili nalo ni kweli, na kwa upande wetu twaliona kuwa doa. Mtoto ajifunzaye kutembea hupewa ardhi tambarare, na kwa miaka ya kwanza lawama haina nafasi. Lakini aliyekwisha kuwa mkimbiaji akiendelea kutafuta tambarare, watu wana haki ya kunung'unika.

Sasa tutazame njia ya pili. Chuo kikuu cha Colorado, mjini Boulder, kilishinda mchezo mmoja tu kati ya 12 mwaka 2022. Mwezi wa Desemba mwaka ule alikuja Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani. Siku ya kwanza alipokutana na wachezaji aliwaambia kwamba anakuja na watu wake mwenyewe, na ya kuwa wao wajiandae kutafuta vyuo vingine. Mkutano ule ulipigwa picha na kuonyeshwa kwa watu wote. Hata msimu wa 2023 ulipoanza, wachezaji zaidi ya 50 walikuwa wameondoka. Mwaka huo timu mpya ilishinda 4 na kupoteza 8. Mwaka 2024 ikashinda 9, na Travis Hunter, aliyefuatana na Sanders kutoka chuo chake cha zamani, akapewa tuzo kuu ya mchezaji bora wa nchi. Mwaka 2025 ikaanguka tena kwa ushindi 3 tu.

Hatupendi kumhukumu Sanders kwa anguko la 2025, kwani kama tendo ni baya, lilikuwa baya hata mwaka ule waliposhinda 9. Tena haki yatutaka tuseme mambo mawili kwa upande wake. La kwanza, alisema kweli mbele ya watu. Tangu mwaka 1973 malipo ya mwanafunzi mchezaji yaliweza kutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na walimu wengi waliwanyima vijana kimya kimya, ofisini, pasipo shahidi. Kati ya asemaye mbele ya watu na anyamazaye huku akifanya yayo hayo, twamchagua wa kwanza. La pili, mwaka 2021 mchezaji naye alipewa ruhusa ya kuhama chuo mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na wengi huhama hata kabla hawajaonja shida. Mwalimu naye akiitwa kwenye mshahara mkubwa huenda zake. Basi kwa nini yeye peke yake adaiwe uaminifu katika nyumba ambayo mlango umeachwa wazi kwa wote?

Hata hivyo hatukubali. Mlango ulio wazi humruhusu mtu kutoka. Haumruhusu mwenye nyumba kumsukuma. Lililotuumiza si kule kupunguza watu, maana kila mwalimu hupunguza, na mvivu hana haki ya nafasi. Lililotuumiza ni kwamba hukumu ilitangulia mtihani. Vijana wale waliambiwa waondoke na mtu ambaye alikuwa hajawaona wakikimbia hata siku moja chini ya mafundisho yake. Na anguko lile halikufanywa na wao. Kijana wa mwaka wa kwanza hakumwajiri mwalimu aliyetangulia, wala hakupanga fedha za chuo. Kansas State yenyewe ilianguka kwa miaka mingi kwa sababu wakubwa hawakutaka kugharimia timu. Kumfanya kijana abebe kosa lililofanywa katika vyumba asivyowahi kuingia, huo si ujenzi.

Baadhi ya wale waliotoka Boulder walipata vyuo vingine, wakacheza. Kila mwaka katika nchi ile wako pia wanaojiandikisha kuhama wasipokewe popote, na mlango walikotoka huwa umekwisha kufungwa.

Snyder kwa miaka mingi alikuwa na desturi ya kuandika barua kwa mkono wake, kwa wino wa zambarau, rangi ya chuo chake. Nyingine alizituma kwa wachezaji wa upande wa pili, hasa walioumia, na baadhi yao walikuwa wametoka kumshinda.