Haki ya Samaki Mkubwa katika Tangi la Kioo

Mtu atiapo samaki katika tangi la kioo barazani pake, wageni huuliza kwanza uzuri wake, kisha huuliza chakula chake. Ni wachache mno waulizao tangi lina maji kiasi gani. Walakini swali hilo ndilo lililobeba haki ya mnyama, na hayo mawili ya kwanza hayana faida lisipojibiwa.

Ama kufuga kwenyewe, hapana shaka kwamba kumeruhusiwa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Abu Umair, naye ni mtoto, alikuwa na ndege mdogo wa kumchezea, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumwuliza habari za ndege yule, wala hakumkataza, wanazuoni wakachukua humo kwamba yajuzu kumweka ndege maadamu ametimiziwa haja zake. Kwa upande wa pili imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache aende kujitafutia riziki yake. Mwenye samaki akisikia haya husema, "Wangu namlisha asubuhi na jioni, basi nimetoka katika lawama."

Hapo ndipo alipokosea. Ndege aliye katika kizimba hushirikiana hewa na ulimwengu mzima. Samaki aliye katika tangi hana ila kile kilichomo ndani yake: maji yale ndiyo hewa yake, ndiyo nyumba yake, na ndiyo choo chake. Uchafu wa mwili wake hutoka kwa matamvua, nao ni amonia, sumu ambayo mtoni huchukuliwa na mkondo ikapotea. Tangini haina pa kwenda. Wako vijidudu wasioonekana kwa macho waigeuzao sumu ile pole pole ikawa kitu chepesi zaidi, lakini kazi yao ina mpaka. Na kila anavyolishwa sana ndivyo anavyochafua sana. Kwa hiyo ukarimu wa chakula katika maji machache hugeuka kuwa dhara. Mtu huyo amejiweka mahali pa mto, wala hana ruhusa ya kutekeleza sehemu moja ya kazi ya mto akaacha iliyobaki.

Natufanye mfano wa mtu wa Kiegei, huko nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambaye korosho zake zimeuzika vizuri, akataka tangi la kupambia nyumba. Akatengeneza la urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 50, nalo huingia lita 250. Wakati wa kiangazi, vijito vikikatika yakabaki madimbwi, akaokota kambale wa sentimita 10 akamtia humo. Siku ile tangi ni bahari kwake! Lakini kambale hakuumbwa kuwa wa sentimita 10. Akipewa nafasi na umri hupita mita moja. Tuseme amefika sentimita 60 tu. Urefu umezidi mara 6, lakini mwili hauzidi urefu peke yake, bali na upana na unene, yaani 6 mara 6 mara 6, hata uzito umekuwa mara 216 ya ule wa kwanza. Maji ni yale yale lita 250. Na upana wa tangi ni sentimita 50, kwa hiyo kila ageukapo hana budi kujikunja.

Kipimo cha insafu kwa samaki wa kadiri hiyo ni urefu usiopungua mara nne ya mwili wake, na upana wa kugeuka bila kujikunja: kama sentimita 240 kwa 90, na kimo 60. Hizo ni karibu lita 1,300, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, uzito umepita tani. Hilo si pambo la kuwekwa juu ya meza. Ni birika la kujengwa kwa saruji.

Mwenye tangi atajibu kwamba kambale wake yu hai na mwaka umepita. Jawabu hilo lina nguvu kwa asiyemjua kambale. Samaki huyu amepewa kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na usiku wa mvua huweza kutambaa nchi kavu kutoka dimbwi hata dimbwi. Maji ambayo yangemwua perege kwa siku moja, yeye huishi ndani yake. Basi kuishi kwake hakushuhudii kwamba tangi lamtosha. Kwashuhudia uvumilivu aliopewa na Muumba wake kwa ajili ya shida za kiangazi, na kiangazi cha mtoni kina mwisho.

Wengine husema samaki hukua kwa kadiri ya chombo. Hilo ni kama kusema mtoto mwenye njaa amekua kwa kadiri ya chakula chake. Kudumaa ni maradhi. Mji wa Roma mwaka 2005 ulipiga marufuku mabakuli ya mviringo ya kufugia samaki, hata samaki wadogo wa dhahabu.

Watu wa pwani walikuwa na desturi njema kuliko hii. Katika nyumba za kale za Lamu palikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, walijengea bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Mjenzi alimfikiria samaki kabla hajatia tone la maji, na akachagua samaki wa kadiri ya birika.

Wako samaki ambao hapana nyumba iwafaayo. Kuhe wa ziwa Tanganyika huweza kukaribia sentimita 90, naye ni mwogeleaji wa maji ya wazi. Na papa shilingi, ambaye watu wa Mafia humwona kila mwaka, amewekwa huko Okinawa, Japani, katika tangi lililofunguliwa mwaka 2002, urefu wake mita 35, upana 27 na kina 10. Ni kazi kubwa ya mikono, lakini papa huyu hufika mita 12 na zaidi, na baharini huzama kupita mita 1,000.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Mwanamke wa paka alikuwa na milango miwili: kulisha au kufungua. Mwenye samaki wa nchi ya mbali, akishindwa naye, mlango wa pili umefungwa, kwani kumtupa katika mto usio wake ni kuwadhulumu wenyeji wa mto ule. Sangara alitiwa katika ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka. Kwa hiyo hesabu ya tangi la samaki mgeni yapasa kumalizwa dukani, kabla fedha haijatoka mkononi. Ama yule kambale wa Kiegei, mlango wake ungali wazi: bwana wake akiona hawezi birika la saruji, na angoje mvua za masika, kisha amrudishe katika kijito kile kile alikomwokota, au amle pamoja na jirani zake, naye ni halali.